Mwanangu, uliza kwanza nani atasubiri

Mwanangu,

Hatujambo hapa Tabaka, Kisii, mvua tu ndiyo imetuzidi. Ujumbe wako nimeupata. Unasema wewe na wenzako mnafungua karakana huko Nakuru, wanawake kumi na wawili wapige msasa na kutia nakshi vikombe vya mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongwa ya huku kwetu, na sasa mnabishana: walipwe kwa kipande au kwa mwezi? Mwenzako anaona malipo ya kipande ni unyonyaji. Wewe unahofia mishahara itawafilisi.

Mimi nimepiga msasa tangu hujazaliwa, na kilichotuumiza hakikuwa kipande. Kilikuwa kusubiri. Broka anabeba mzigo leo, pesa atatuma mnunuzi wa ng'ambo akilipa. Miezi inapita. Muda huo wote ni sisi tumewakopesha, yeye na mnunuzi wake, bila riba, na shule inataka karo Jumatatu. Halafu unaambiwa vikombe vingine vilivunjika njiani, kwa hiyo hivyo havina malipo.

Basi jiulizeni: tangu jiwe litoke kwenye karai la maji hadi pesa ziingie, nani anasubiri? Kama ni hao akina mama, karakana yenu haina tofauti na broka, hata mkiipa jina zuri namna gani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 18, inasema mtu wa kipande alipwe kazi inapokwisha, au mwisho wa mwezi kwa kiasi alichofanya, lolote litakalotangulia. Haisemi "mnunuzi akilipa". Pesa hizo zitafuteni kwa mnunuzi. WFTO, shirika la kimataifa la biashara ya haki, linataka kazi za mikono zilipiwe angalau asilimia 50 mapema, bila riba, muuzaji akiomba. Akiomba! Wengi hawaombi, wanaona haya. Ninyi ombeni, na iandikwe kwenye oda.

Sasa bei yenyewe. Msiikisie mkiwa mezani. Kaeni na mama wa kasi ya kawaida, si yule hodari ambaye kila mtu anamsifu, mumtazame siku nzima. Anaanza na msasa mkali, anakuja laini, kisha laini zaidi, yote ndani ya maji, halafu anakausha, anapaka nta na kung'arisha kwa kitambaa. Hesabuni na kuchota maji, na kuyamwaga yakishageuka uji, na kunyoosha mgongo. Ujira wa siku mnaoona ni wa haki ugawanyeni kwa vipande alivyomaliza. Hiyo ndiyo bei.

Msasa nunueni ninyi. Mama akikatwa pesa ya msasa ataubana, atasugua na karatasi iliyokwisha makali, na kikombe kimoja kitamla asubuhi yote. Na jiwe letu huficha ufa. Mara nyingi hauonekani mpaka liloe na kusuguliwa. Kikombe kikifunguka mikononi mwake akiwa kwenye msasa wa mwisho, mlipeni. Jiwe lilitoka na ufa huo machimboni.

Jambo jingine, na hili huku linawaudhi wanaume: mchongaji analipwa vizuri, mpiga msasa anapewa ya chumvi. Kifungu cha 5 kinataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Jiwe lililotoka kwa patasi ni la vumbi tu, uwaridi wake na umanjano wake haujatoka. Nani atalinunua hivyo?

Mshahara wa mwezi ni mzuri oda zikiwepo mwaka mzima, na za sanaa huja kwa misimu. Kwa hiyo ningeanza hivi: kila mama awe na kiasi cha uhakika kwa siku alizofika, kisichopungua kima cha chini cha serikali, na kipande kiwe juu yake. Lakini jueni kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo hata mwezi mmoja, kifungu cha 37 kinaweza kumfanya mwajiriwa kamili, na mwajiriwa akijifungua ana miezi mitatu ya likizo kwa mshahara mzima. Hilo liwe kwenye hesabu zenu tangu sasa, msije mkaanza kumkwepa mama mwenye mimba.

Ndiyo maana kumi na wawili naona ni wengi. Kazuri, wale wa shanga kule Karen, walianza mwaka 1975 na wanawake wawili, leo ni mamia. Chukueni wanne. Na wasipeleke kazi nyumbani. Huko watasugua jiwe kavu kwa haraka, na vumbi litaingia vifuani mwa watoto. Anayetia nakshi kwenye jiwe kavu apewe barakoa.

Mkiandika mkataba nitumie kwa simu kabla mtu hajatia sahihi. Uwe wa Kiswahili, maana nitawasomea majirani zangu kwanza, na wao hawatakuonea haya.

Mama yako