Maswali ya Wasomaji: Simu na Laptopu Mpakani

SWALI: Nafanya utafiti wa afya hapa Kisumu na mwezi ujao naenda mkutanoni Marekani. Laptopu ina majina ya wagonjwa, simu ina kikundi cha kazi cha WhatsApp. Je, afisa wa uwanja wa ndege anaweza kuzipekua? Nifute kila kitu?
– Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Anaweza, tena bila kibali cha mahakama. Mwongozo wa forodha ya Marekani wa 2018 unamruhusu kupekua simu kwa mkono hata kama hakushuku lolote. Ila kuiunganisha na mtambo ili anakili yaliyomo kunahitaji sababu ya kukushuku, au suala la usalama wa taifa. Yaliyo mtandaoni haruhusiwi kuyagusa, hivyo simu hukatwa intaneti kwanza. Raia wao akikataa kutoa nywila huingia nchini, ingawa kifaa kinaweza kushikwa. Wewe mwenye viza unaweza kurudishwa. Basi maandalizi yote yafanye kabla hujaondoka Kisumu.

Majina ya wagonjwa yasipande ndege. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Yaache kazini, ubebe slaidi tu.

Kufuta kuna mtego. Picha iliyofutwa kwenye iPhone hukaa hadi siku 30 katika folda ya zilizofutwa; kwenye Google Photos, kama ilikuwa imepakiwa mtandaoni, siku 60. Ingia humo ufute mara ya pili. WhatsApp nayo huweka ujumbe ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo kukata intaneti hakufichi kitu. Weka bakapu iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila nywila (ukiisahau, ujumbe umepotea), kisha ondoa programu. Kuirudisha ukifika kunahitaji msimbo wa SMS, kwa hiyo hakikisha laini yako inafanya kazi nje ya nchi. Usiifanye simu iwe tupu kabisa, maana hiyo nayo huzua maswali. Picha za harusi ya binamu ziache.

Kabla ndege haijatua, zima simu na laptopu. Simu ikitoka kuzimwa hukataa kidole na uso hadi nywila iandikwe. Wengi huteleza kwenye laptopu: kufunga kifuniko ni kuilaza tu, na ufunguo wa kusomea diski iliyosimbwa hubaki kwenye kumbukumbu. Usimbaji wa diski, FileVault kwa Mac au BitLocker kwa Windows Pro, uwashe siku kadhaa mapema kwa sababu huenda ukachukua saa nyingi. Ufunguo wa dharura wa BitLocker, tarakimu 48, uandike uuache nyumbani.

Ukiulizwa, usidanganye, uongo kwa afisa ni kosa lenyewe. Kifaa kikichukuliwa, dai stakabadhi.

SWALI: Na Uingereza je?
– Msomaji, Nakuru

JIBU: Maandalizi ni yaleyale, lakini huko kukataa ni hatari zaidi. Chini ya Jedwali la 7 la sheria ya ugaidi ya 2000, polisi wanaweza kukuhoji bandarini au uwanjani hadi saa 6, na kuwanyima nywila ni kosa la jinai.