Kifafa cha mimba kilipoitwa vidonda vya tumbo: ushauri kwa familia inayotaka kudai

Mkihisi hospitali imemkosea mjamzito wenu, kusanyeni maandishi kabla hata ya kutafuta wakili: kadi ya kliniki, majibu ya vipimo, vyeti vya dawa, risiti, fomu ya kuruhusiwa. Pigeni picha kila ukurasa siku hiyohiyo. Kisha andikeni barua kuomba nakala ya faili, na nakala yenu ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa.

Nayasema haya kwa yaliyompata mdogo wangu. Mimba ikiwa imevuka miezi saba, alilalamika kuumwa kichwa, macho kuona ukungu, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa, akarudishwa nyumbani. Haikuchukua muda akapata degedege, ndicho kifafa cha mimba chenyewe. Yeye alipona, mtoto tulimzika. Kwenye kadi, presha ya siku ile iliandikwa 150/100, na nafasi ya protini kwenye mkojo ilikuwa tupu. Wakili alipouona mstari huo, ndipo alipoanza kutusikiliza kwa makini.

Baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140/90 mkojo hupimwa, na maumivu ya pale chini ya mbavu yanaweza kuwa ya ini. Haya si mambo ya mabingwa peke yao, mkunga yeyote hufundishwa chuoni. Lakini wapo akina mama wanaohudumiwa vizuri kabisa na kifafa cha mimba kikawapata, na hapo hakuna uzembe wa kumdai mtu. Mahakama itataka kujua mtaalamu makini angefanya nini alipoiona presha ile. Wa kulijibu hilo ni daktari bingwa wa wanawake na uzazi kutoka hospitali nyingine, aliye tayari kutoa ushahidi. Kumpata ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana madaktari wanajuana. Msikate tamaa kwa wa kwanza kukataa.

Hapa Tanzania, malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Ya muuguzi au mkunga, Baraza la Uuguzi na Ukunga. Huko mhusika anaweza hata kufutiwa usajili, ila fidia hudaiwa mahakamani, na madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Hospitali ikiwa ya serikali, mnatanguliza notisi ya siku 90, yaani barua ya kusudio la kushtaki, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi.

Uongozi ukiwaita kikaoni, nendeni, mmoja wenu aandike kila kinachosemwa. Karatasi ya suluhu msiitie sahihi kabla wakili hajaisoma.

Na muulizeni mama mwenyewe kama anataka kesi, kwa sababu ni yeye atakayesimulia tena mbele ya watu asiowajua. Akikataa, asilazimishwe na shangazi wala mume. Kadi itunzwe tu, akibadili mawazo kabla ile miaka 3 haijaisha, bado anaweza kudai.