Uliza Aliyekichonga Kabla ya Kuuliza Bei: Kununua Zawadi Nje ya Fort Jesus

Msomaji mmoja wa Nakuru amenitumia picha ya twiga wa mti aliyepasuka kuanzia shingoni hadi tumboni. Alimnunua Mombasa, kwenye vibanda vya nje ya Fort Jesus. Muuzaji alianzia shilingi 3,500, naye akamkaza mpaka 900, na anasema basi zima lilimpigia makofi walipokuwa wakirudi bara. Sasa twiga yuko juu ya kabati na ufa unaoingia kidole. "Dada, nimeibiwa, sivyo?"

Habari ya kuuziba huo ufa nimeshamweleza pembeni: gundi ya mbao, changanya na unga wa msasa, jaza, acha likauke, piga msasa tena. Hilo la kuibiwa ndilo nataka tulizungumze hapa, kwa sababu si yeye pekee. Kila likizo za Agosti na Desemba zikiisha napokea ujumbe wa namna hii, na karibu wote unaanza na ushujaa wa kupatana bei.

Dada yangu, hukuibiwa. Ulipata twiga wa shilingi 900.

Mti mbichi una maji ndani. Ukichongwa ungali mbichi unakuwa laini, patasi inapita vizuri, na kazi ya siku mbili inakwisha kwa siku moja. Hapa Mombasa hewa ina unyevu wa bahari, kwa hiyo kinyago kinaweza kukaa kibandani miezi bila kuonyesha kitu. Kipeleke Nakuru au Nairobi, juu kule kwenye hewa kavu, nje kunakauka upesi kuliko ndani, na mti unapasuka. Anayetaka kuuza kinyago kisichopasuka lazima aulaze mti kivulini miezi mingi kabla ya kuugusa. Nani atamlipa hiyo miezi? Katika zile 900 zako kuna faida ya mwenye kibanda, nauli, ada ya kaunti, pengine na mchuuzi wa katikati. Kilichomfikia mchongaji hakitoshi kumfanya asubiri mti ukauke. Ule ufa tuliununua sisi, kwa ubishi wetu wenyewe.

Najua nasikika mkali. Nivumilieni, hili jambo limenigusa nyumbani.

Mimi ni mtu wa Wamunyu, kule Machakos. Kwa wasiojua, huko ndiko uchongaji wa Wakamba ulikoanzia kama biashara. Mzee Mutisya Munge alitoka Wamunyu akaenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza kuchonga kwa Wazaramo, akarudi na ujuzi ule nyumbani. Babu yangu alikuwa kati ya vijana waliokuja kujifunza baadaye. Nimekua nikicheza kwenye maranda ya mbao. Ukinipa kinyago nikiwa nimefumba macho nitakwambia kama aliyekichonga alikuwa na haraka.

Nimeolewa huku Pwani, na kwa miaka sasa kazi yangu ni kufunga vikapu vya zawadi na kuviuza: kinyago kimoja kizuri, leso, kahawa, mabuyu. Najua wengi mnaonisoma mnatafuta kitu kama hiki cha kuanzia, mshahara peke yake hauendi popote siku hizi. Habari za mkopo wa chama na leseni nitaziruka, zinachosha. Mwezi uliopita ofisi moja ya Nairobi iliyokuwa na wageni kutoka nje iliniagizia vikapu vya wageni wote. Wote! Na aliyeniagizia alisema alichagua kwangu kwa sababu kila kinyago nilichompa kama sampuli kilikuja na karatasi ndogo inayoeleza kimechongwa wapi, kwa mti gani, na nani. Nilisoma ujumbe ule nikiwa kwenye foleni ya feri ya Likoni nikacheka peke yangu mpaka watu wakanitazama.

Nilicheka kwa sababu nilimkumbuka wifi mmoja. Kwenye harusi ya familia, mbele ya akina mama wote, alisema, "Haya mambo ni maajabu. Mtu wa Wamunyu aacha vinyago kwao, aja kununua Mombasa kwa bei ya mtalii!" Jiko zima likacheka. Nami nikacheka, maana ungefanyaje? Lakini sikulala vizuri usiku ule, na nikisema nimesahau nitakuwa nawadanganya. Juzi amenipigia simu ataka kikapu cha mwalimu wa mtoto wake, tena apunguziwe. Nimempa bei ile ile ya kila mtu.

Sasa, mnanunuaje?

Kwanza ingieni ngomeni. Nawaona watu wakishuka kwenye basi, wanapiga picha mbili langoni, wanageukia vibanda. Raia analipa kidogo kuliko mgeni, na kule ndani ndiko jicho linakofundishwa. Wareno waliijenga ngome ile kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958. Kwenye makumbusho kuna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama hapo mbele mwaka 1697, na kuna vyungu, sahani na kazi za mbao za pwani hii. Simama mbele ya mlango wa kuchongwa dakika kumi, uangalie jinsi kila jani la ua lilivyo na kina chake. Ukitoka nje na macho hayo, nusu ya vitu vya vibandani vitajiondoa vyenyewe.

Pili, ukifika kibandani usitaje bei. Uliza kimechongwa na nani. Ninarudia hili kila mwaka na nitalirudia tena: uliza kimechongwa na nani.

Kuna mzee mmoja hukaa upande wa kuelekea Ndia Kuu, meza yake si kubwa. Nilimsalimu, "Shikamoo ami." Akaitikia bila kuinua macho kwenye bao alilokuwa akilipiga msasa. Nikashika sahani ya mti, nzito, ya rangi ya asali.

"Hii ami amechonga nani?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Hiyo yatoka Malindi, kwa kijana wa Kikamba. Mwarobaini huo. Ulikatwa mwaka jana ukalala kivulini."

"Na yule ndovu mweusi?"

Akacheka. "Yule ni rangi ya viatu, mwanangu. Wageni wapenda weusi."

"Mbona wamuuza?"

"Kwani wewe wamnunua?"

Hatujaachana tangu siku ile. Anajua nikija nataka nini, na kitu kibovu hunificha kabla sijakiona. Bei yake si ya chini kuliko ya jirani zake, wakati mwingine iko juu. Wauzaji wasiojua kitu kimetoka wapi watakwambia "Ni cha kwetu hapa hapa" au "Kimetoka kijijini", basi. Wapo vijana wazuri hapo ambao hawajui kwa sababu wameletewa gunia tu, siwalaumu, lakini mimi pesa yangu haiendi huko.

Kuhusu huo weusi: mpingo wa kweli ni mzito mno, ukiutia majini unazama. Kiini chake ni cheusi lakini mbao ya nje, karibu na gome, ni ya manjano hafifu, na wachongaji wengi huacha kipande cha hiyo mbao makusudi ili uone. Chukua kitambaa kilicholowa, sugua chini ya kinyago, pale pasipoonekana. Kitambaa kikiwa cheusi, umejibiwa. Ila usidharau mti mwingine kwa sababu si mpingo. Mpingo unakua polepole sana, na muhugu uliotumiwa na wachongaji wetu umekatwa mpaka umekuwa adimu, ndiyo maana mwarobaini na mwembe vinatumika sasa. Mwarobaini uliokaushwa vizuri ni mti wa heshima. Geuza kinyago juu chini, tazama kama kuna vitundu vidogo vyenye unga. Huyo ni dumuzi, mdudu anayetoboa mbao, na atahamia kwenye kabati lako.

Ukitaka vinyago vingi, usihangaike na vibanda. Panda matatu ya Changamwe uende kwenye ushirika wa wachongaji Wakamba, upo tangu 1963, utawakuta wakichonga na utaongea na mwenyewe. Hapo swali langu linajibiwa na mtu mwenye patasi mkononi.

Mawe ya Kisii ni hivyo hivyo: yanatoka Tabaka, yamesafiri kutoka upande wa pili wa nchi, yanavunjika. Pitisha kidole kwenye kingo, na ukiona rangi nzito kila mahali ujue pengine imefunika kiungio cha gundi. Kiondo, angalia kama ni mkonge au ni nyuzi za dukani; vyote vinashika vitunguu, lakini bei isiwe moja. Uliza aliyekisuka. Mara nyingi ni mama wa Ukambani.

Leso usinunue hapo ngomeni. Nenda Biashara Street, zimepangwa kwa doti mpaka darini, na mafundi wamekaa na cherehani palepale nje wakupindie huku ukisubiri. Jina la leso lisome mwenyewe kabla ya kulipa. Namjua bibi harusi aliyempelekea mavyaa wake "Hasidi hana sababu" kwa sababu alipenda rangi. Ijumaa adhuhuri usiende, wengi wako msikitini. Nenda asubuhi, wakati muuzaji anakwambia "Nifungulie kazi, mama", hapo atakupa bei nzuri kwa hiari yake, maana anaamini mteja wa kwanza ndiye anayefungua siku.

Halafu kuna vitu vya kutogusa kabisa, na hapa sitaki mjadala. Bangili na vitana vya gamba la ng'amba, aina ya kasa. Matumbawe. Makombe makubwa ya bahari yaliyong'arishwa. Pembe ya ndovu, hata kama unaambiwa ni ya babu yake. Kasa analindwa na sheria za Kenya, na biashara ya pembe kati ya nchi na nchi ilifungwa tangu uamuzi wa 1989. Yale makombe marefu kama tarumbeta yana konokono anayekula kiti cha pweza chenye miiba, yule anayemaliza matumbawe. Tukiwamaliza konokono hao kwa ajili ya mapambo ya meza, mwamba unaliwa, na samaki wanakosa pa kuzalia. Usiponunua hayatavuliwa. Usiniambie "mimi nachukua moja tu". Kila anayeshuka kwenye basi anachukua moja tu.

Na turudi kwenye bei, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Ndiyo, kuna bei ya mgeni. Mtu wa bara akifungua mdomo anajulikana, na atatajiwa juu. Lakini hofu ya kupigwa bei imetufanya wanunuzi wabaya kuliko hao watalii tunaowacheka. Mtalii analipa sana, lakini anarudi na kitu anachokipenda. Sisi tunarudi na ushindi. Mtu huyo huyo atakunywa kahawa ya shilingi 400 Nyali bila kumuuliza mhudumu apunguze, atalipa maegesho bila neno, kisha atasimama juani nusu saa kumnyang'anya mzee shilingi 50 na kuisimulia mpaka Voi. Tuache. Taja bei unayoona ni haki, akikataa ongeza kidogo au aga kwa adabu. Ukishakubaliana lipa, usiseme "kumbe nina 500 tu kwenye M-Pesa" wakati wote tunajua si kweli. Wenye vibanda wana watoto wa shule.

Mkiniuliza mimi nalipaje kwa yule ami, namwambia aseme bei ya mwisho mara moja, naye anasema. Wakati mwingine naona iko juu na namwachia kitu chake. Wiki ijayo nakikuta kimeuzwa.

La kufunga mzigo: mawe ya Kisii yafunge ndani ya leso, kila kimoja peke yake, yakae katikati ya nguo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 kwa hiyo nenda na kiondo chako. Mabuyu yatie kwenye kopo lenye kifuniko, ile rangi nyekundu haitoki kwenye shati jeupe. Na kama umenunua simi au mkuki wa Kimaasai, usiende nao Miritini kupanda treni ukitegemea kuongea na wakaguzi. Tuma kwa basi la mizigo siku moja kabla, uandike namba ya simu ya mpokeaji juu ya kifurushi kwa kalamu isiyofutika.