Distro si jezi, vijana wangu

Juzi asubuhi nimewakuta vijana wawili wa fildi hapa ofisini, Mafiati, wanabishana Arch na Ubuntu, distro mbili yaani aina mbili za Linux, kama Simba na Yanga. Bodi yao ya elektroniki imechomekwa kwenye laptop tangu saa mbili, ttyUSB0, yaani jina ambalo Linux huipa ikiitambua, haitokei, na hakuna anayeitazama. Laptop ni Ubuntu 22.04, chipu ya USB ya bodi ni CH340. Kuna kifurushi kinaitwa brltty, cha mashine za nukta nundu za wasioona, kinaidaka chipu hiyo kikidhani ni ya kwake. Kitoe, chomeka upya, maisha yaendelee. Na ukiambiwa huna ruhusa, jiongeze kwenye dialout, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kugusa milango hiyo, utoke, uingie tena. Acheni kuendesha kila kitu kwa sudo, yaani kwa mamlaka yote ya mashine, mnanitia aibu.

Mengine ya kuzingatia mkichagua distro ya kazi ni haya.

1. Anza na bodi, si laptop. Bodi itakayobaki saiti ina glibc, ile maktaba ya msingi ambayo programu nyingi za Linux huitegemea, ya ngapi? Programu iliyokompailiwa (iliyogeuzwa kutoka maandishi ya fundi kuwa lugha ya mashine) na glibc ya zamani hukubalika kwenye mpya. Kinyume chake, sahau.

Nilijifunza hili mwaka 2022, nikiwa na miezi minne kazini. Nilikuwa mtu wa Arch, na nilihakikisha kila mtu anajua. Tulitengeneza kijisanduku cha kurekodi joto la chumba baridi cha parachichi, kule Tukuyu. Bodi ilikuwa na distro ya Debian 11, yaani glibc 2.31. Usiku wa kuamkia safari nikapiga pacman -Syu kusasisha laptop nzima, nikaona diski imejaa, nikapiga na -Scc kusafisha vifurushi vya zamani. Kisha nikabadilisha mstari mmoja tu wa ujumbe, nikakompaili, nikalala. Kujaribu? Bodi ilishafungwa kwenye boksi na skrubu zake. Mstari mmoja, jamani!

Tukuyu mvua inanyesha kama kawaida yake. Nikatuma faili mpya ya programu kwenye bodi kwa scp juu ya ile ya zamani, nikawasha. Jibu: GLIBC_2.34 haikupatikana.

Kwa wasiojua: kwenye toleo la 2.34, la Agosti 2021, libpthread, iliyokuwa maktaba ya pembeni, iliingizwa ndani ya libc, maktaba kuu ya glibc, na hata ile hatua ya kwanza kabisa ya kuanzisha programu ikapewa namba mpya. Kwa hiyo hata programu ya kusema “habari” tu, ukiikompaili kwa kawaida na glibc hiyo, bodi ya 2.31 inaikataa mlangoni. Usiku ule, kwa ile pacman -Syu, kompaila yangu na glibc yake vilikuwa vimepanda toleo, mimi sina habari.

Kurudisha toleo la nyuma? Nilishasafisha. Faili ya zamani ya programu? Nimeiandika juu. Kukompaili kwenye bodi yenyewe? Haina kompaila ya gcc, na bando langu la GB 1 lilikata apt ikiwa katikati ya kuipakua. Meneja wa chumba baridi, mama mmoja mtulivu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Fundi, mimi nataka namba za usiku huu. Zitatoka wapi, utajua wewe.”

Zilitoka kwenye kipimajoto cha mkono na daftari la kurasa 80. Mimi na mlinzi tulipokezana kila nusu saa mpaka alfajiri, nje baridi, ndani baridi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Saa tisa usiku akaniuliza, kwa upole kabisa, “Mwanangu, hicho kijisanduku kilikuwa kifanye nini?” Nikamwambia kipime joto. Akaitikia “aaa,” akarudi kwenye daftari.

Asubuhi nikapanda Costa kurudi Mbeya, nikakompaili ndani ya konteina (mfumo uliotengwa ndani ya laptop) ya Debian 11, nikajaribu kwenye bodi ya akiba, nikageuza safari. Kazi ya dakika kumi.

2. Kama ni Yocto, zana ya kujijengea Linux ya bodi yako, fungua mwongozo wa toleo lako usome orodha ya distro linazozikubali kabla ya kufomati chochote. Toleo la Scarthgap la 2024 linahudumiwa kwa muda mrefu, anzia hilo.

3. Bado ni Yocto: DL_DIR (folda ya vyanzo vilivyopakuliwa) na SSTATE_DIR (folda ya kazi iliyokwisha kujengwa) viwe nje ya folda ya build. Kijana mmoja alifuta build “ili aanze upya” akafuta na vyanzo vyote, tukapakua upya siku ambayo umeme ulikatika mara tatu. RAM ikiwa GB 8, punguza BB_NUMBER_THREADS, idadi ya kazi zinazoendeshwa kwa pamoja, la sivyo bitbake, kijenzi cha Yocto, itauawa kwa kuishiwa RAM.

4. Distro ya Fedora ni nzuri, lakini toleo moja huhudumiwa takriban miezi 13, na mteja wetu wa parachichi anataka kijisanduku kikae miaka. Chukua Ubuntu LTS, toleo la kuhudumiwa miaka mitano, au Debian. Zinachosha? Ndiyo. Nani alikwambia mashine ya kazi ni ya kuburudisha?

5. Arch bado ninayo. Iko nyumbani, kwenye laptop ya kutazamia mpira, na jana ilikataa sauti.