Macho yanayotiririka machozi yanawezaje kuwa makavu?

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 52. Macho yananichoma kama yana mchanga, na nikipigwa na upepo machozi hunitiririka. Kliniki wameniambia nina ukavu wa macho. Inawezekanaje? Na je, wako wengine kama mimi?

Marahaba. Inawezekana kabisa. Machozi si maji matupu: chini yana ute unaoyashikiza kwenye jicho, kati yana maji, na juu yana utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasikauke. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga ukingoni mwa kope. Tezi zikiziba, maji hukauka upesi, jicho huwashwa, na mwili hujibu kwa kumwaga machozi mengi kwa mpigo. Hayo huteremka shavuni bila kukaa jichoni, na ukavu unabaki palepale.

Wako wengi. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2017 kuhusu ugonjwa huu ilikuta makadirio ya kati ya watu 5 na 50 katika kila 100, kutegemea jamii iliyochunguzwa na namna ya kuhesabu. Wapo watafiti wanaouliza dalili tu, wapo wanaopima jicho lenyewe, na mara nyingi majibu hayalingani. Mmoja anaungua huku jicho lake likionekana zima. Mwingine, hasa mzee au mwenye kisukari ambaye neva za jicho zimepoteza hisia, jicho limechubuka na hasikii kitu. Ndiyo maana kumulikwa tochi tu hakutoshi kukwambia huna tatizo. Omba upimwe kwa rangi inayodondoshwa jichoni: machozi yakianza kuachana kabla ya sekunde 10 bila kupepesa, hayatulii inavyotakiwa. Kipo pia kipimo cha karatasi inayowekwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Ikilowa chini ya milimita 5, maji yenyewe ni machache mno.

Umri wako na jinsia yako vinachangia: wanawake huathirika zaidi, hasa baada ya hedhi kukoma. Wengine walio hatarini ni wenye baridi yabisi, lupasi (ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) au ugonjwa wa tezi ya shingo, wanaotumia dawa za mzio, za sonona au vidonge vya isotretinoini vya chunusi, na waliofanyiwa upasuaji wa leza ili waachane na miwani. Kama na mdomo nao unakauka hadi huwezi kumeza chakula kikavu bila maji, mweleze daktari. Huenda kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na za mate, na hilo linahitaji vipimo vya damu.

Nina miaka 24, nashinda kwenye kompyuta na navaa lenzi za machoni. Si ugonjwa wa wazee huu?

Si wa wazee peke yao. Mtu akikodolea kioo, kupepesa hupungua sana, na mara nyingi kope hazifungi mpaka mwisho, hivyo mafuta hayasambai. Lenzi nayo huyagawanya machozi na kuyaharakisha kukauka. Shusha kioo kiwe chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa ya jicho, geuza feni isikupige usoni, na kila baada ya dakika 20 funga macho taratibu hadi kope zigusane, mara 10. Usilale na lenzi. Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga au ukianza kuona ukungu, itoe na uende kliniki siku hiyohiyo; hiyo yaweza kuwa dalili ya kidonda cha konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho.

Nimekanda macho kwa kitambaa cha moto wiki nzima, sioni nafuu. Nakosea wapi?

Pengine kwenye joto. Mafuta yaliyoganda kwenye tezi za kope yanahitaji nyuzi 40 hivi kwa dakika 5 hadi 10, na kitambaa kilicholoweshwa hupoa ndani ya dakika 2 tu. Kuwa na vitambaa viwili vya kupokezana. Joto lisiunguze: jaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono. Ukimaliza, papo hapo sukuma kwa kidole safi, kope ya juu kuelekea chini na ya chini kuelekea juu, bila kukandamiza jicho lenyewe. Fanya hivyo mara mbili kwa siku. Wiki moja haitoshi. Jipe nne hadi sita.

Matone ya kuondoa wekundu yanafaa?

Hapana, usiyazoee. Hubana mishipa ya damu tu, na yakiisha nguvu wekundu hurudi, pengine zaidi. Nunua machozi ya bandia. Kama unayahitaji zaidi ya mara 4 kwa siku, chagua yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia vijidudu kwenye chupa, kwa kuwa benzalkonio iliyomo katika chupa nyingi huchubua uso wa jicho ikitumiwa mara kwa mara. Mwenye presha ya macho ambaye matone yake yana kihifadhi asiache dawa yake kwa sababu hiyo; amwombe daktari aina isiyo na kihifadhi.