Jiko nje, watu ndani: maswali yenu ya kipupwe

Barua za mwezi huu zimenifikia zikitetemeka. Nimezisoma nimejitanda shuka mabegani, chai ya tangawizi pembeni, paka akiwa amelalia zile nisizotaka kujibu. Zilizouliza jambo moja nimezijumlisha.

Mama, winter ya Nairobi imeingia na bado niko peke yangu. Nifanyeje nipate mtu kabla ya Agosti? – Kijana wa Roysambu, miaka 27

Kwanza, hiyo si winter. Ina jina lake, kipupwe, na ni jina zuri. Nairobi iko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, kwa hivyo mchana wetu wa Julai na wa Januari hupishana kwa dakika tu. London mwezi wa Desemba mchana ni saa nane hivi, halafu giza. Sisi tatizo letu ni mawingu. Upepo wa kusini mashariki unayaleta, yanatua juu ya jiji kama kifuniko cha sufuria, na jua likibahatika kutokea ni alasiri. Usiku nyuzi 11 au 12, mchana 21. Mtu wa Norway angetembea Moi Avenue na kaptula.

Sasa wewe unatafuta mtu kabla ya Agosti kama anayetafuta fundi wa paa kabla ya mvua. Aliyetafutwa Juni kwa sababu ya baridi huachwa Septemba jua likiwaka, na huyo ana moyo, ana mama yake, na huenda keshamwambia mama yake habari zako. Nenda Eastleigh au Gikomba ukanunue blanketi zito. Halitakuuliza uhusiano unaelekea wapi. Oktoba ikifika, umeota jua la kutosha na bado unamtaka mtu, niandikie tena nitakusaidia kwa moyo mmoja.

Je, kulala na soksi kunaua mapenzi?

Hapana. Soksi za tangu Jumatatu ndizo zinazoua.

Mimi na mume wangu tunaishi bedsita, chumba kimoja tu, huku Pipeline. Usiku tunaingiza jiko makaa yakishaiva vizuri, halafu tunaweka sufuria ya maji juu ili maji yavute ile sumu. Rafiki yangu kazini anasema ni hatari. Nani anasema kweli? – Mama wa mtoto mmoja

Rafiki yako. Na hili swali limeletwa na watu wanne mwezi huu, wengine wameandika kana kwamba wananiomba ruhusa. Siitoi.

Sikilizeni. Makaa yanapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu. Ukiivuta inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hivyo damu inazunguka mwilini haina cha kubeba. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu. Aliye macho anaweza kuzihisi akatoka. Aliyelala hazihisi. Ndiyo maana kila kipupwe tunasikia habari za mlango uliovunjwa asubuhi, ndani watu wamekumbatiana.

Maji hayavuti kitu. Gesi hiyo haiyeyuki kwenye sufuria yako. Unachopata ni maji moto tu. Na makaa "yakishaiva" hayajawa salama, yameacha moshi peke yake. Moshi ndio uliokuwa unakuonya. Yale mekundu yanayopendeza kwa macho ndiyo yanayotoa gesi kwa wingi. Mwingine ameniuliza kuhusu makaa ya kufinyangwa, yale ya mviringo: ni yaleyale. Mwingine anawasha meko ya gesi aiache usiku kucha: wewe una matatizo mawili, hewa na mtungi.

Halafu kuna jambo ambalo hamkuniuliza. Yale matundu juu ya dirisha, ambayo kila Juni mnayaziba na magazeti na nguo kuukuu, aliyejenga hakuyasahau wazi. Ni ya hewa. Nimeishi Umoja miaka mingi, na najua jinsi upepo unavyopigia hapo saa tisa za usiku. Mwaka mmoja mimi mwenyewe niliyaziba, nikaingiza jiko, mtoto wangu wa kwanza akiwa na miezi saba. Kilichotuokoa ni mume wangu kuamka kwenda haja na kuanguka mlangoni. Kishindo kikaniamsha. Tulikaa nje kwenye ngazi hadi alfajiri, tumejifunika blanketi moja watu watatu, vichwa vinatugonga. Tulipaswa kwenda hospitali usiku uleule, hatukwenda. Ninyi nendeni, hata mkijiona mmepata nafuu.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Pikieni jiko nje, lizimikie nje. Baridi ya bedsita inatoka chini kuliko juu: godoro lililo kwenye saruji linanyonya joto lenu usiku kucha, na mkiongeza mablanketi juu mnajisumbua bure. Tandikeni makatoni makavu na mkeka chini ya godoro, mtashangaa. Nunueni mpira wa maji moto kwenye duka la dawa. Maji yawe moto, yasiwe ya kuchemka, kisha uzungushieni kitambaa. Uwekeni kitandani robo saa kabla ya kulala. Mtoto akiingia kitandani, mpira utoke. Pazia liwe zito. Na mle kabla ya kulala, kwa sababu mwili wenye njaa hauna kuni. Githeri ya jana na kikombe cha uji wa wimbi vitawapasha kuliko debe zima la makaa.

Mume wangu anavuta blanketi lote usiku, naamka nimebaki na shuka. Nimwambieje?

Nunueni la pili. Si kila jambo la ndoa linahitaji kikao.

Mke wangu ni wa Likoni. Tulioana Februari nikamleta Kikuyu. Tangu Juni analala na sweta, kofia, soksi mbili na leso kichwani, halafu ananipa mgongo. Nikimgusa anasema mikono yangu barafu. Amechoka nami? – Mume mwenye wasiwasi

Ndugu yangu, umemchukua mtu usawa wa bahari ukampandisha karibu mita 2,000, kisha unashangaa amejifunika. Kila mita 100 unazopanda, hewa inapoa kwa zaidi ya nusu nyuzi. Kwao huu ni wakati wa kusi, usiku hupoa hadi nyuzi 20 hivi, na hiyo ndiyo wanayoiita baridi. Wewe umezaliwa kwenye ukungu, unaoga maji ya mferejini saa kumi na moja asubuhi na kujisifu. Usimpime kwa ratili yako.

Na kosa amekutajia mwenyewe, ni mikono. Ipashe! Shika kikombe, iloweke kwenye beseni la maji moto, ndipo uende. Nastaajabu jinsi mwanamume anavyoweza kuandikia gazeti kurasa mbili kuhusu mgongo wa mkewe kabla hajachemsha maji.

Mpikie kahawa chungu yenye tangawizi jioni, umpelekee alipo. Jumapili watafute wanaouza mahamri na mbaazi, wapo hata huku bara. Kama amekuja na chetezo chake, mwache afukize udi chumbani kama alivyozoea, ila dirisha liwe wazi na chetezo kitoke nje kabla ya kulala. Yale nayo ni makaa, na nilishasema yangu hapo juu. Mkijaliwa nauli, pandeni SGR mwende kwao wiki mbili mwezi huu wa Julai. Mwende, nimesema, si umpeleke stesheni ukarudi. Ukamwone alivyo akiwa na joto. Huenda hujawahi kumwona sawasawa.

Lakini kuna kitu hukuniandikia: jioni unafika nyumbani saa ngapi? Bibi arusi wa miezi mitano, hajui Kikikuyu, hana jirani wa kupiga naye soga, ameketi kwenye nyumba ya mawe tangu asubuhi. Kama unaingia saa nne usiku, basi mimi ningekuwa yeye ningeongeza na koti.

Mpenzi wangu yuko Edmonton, Kanada. Desemba hadi Machi hakuwa akipiga, alisema baridi huko ni nyuzi 30 chini ya sifuri na simu inazima. Sasa naambiwa kwao ni kiangazi, bado simu inazima. Nivumilie?

Ni kweli betri ya simu hudhoofika kwenye baridi kali, lakini nje. Ndani ya nyumba zao wanawasha mitambo ya joto, mtu anakaa na fulana. Wewe hapa Donholm mwezi wa Julai una baridi zaidi sebuleni kuliko yeye Januari sebuleni kwake, maana nyumba zetu hazina hita na kuta zake zinahifadhi baridi kama mtungi. Na saa hizi Edmonton jua linawaka hadi usiku. Saa tatu zako za usiku kwake ni saa sita mchana, wakati wa chakula, mikono yote miwili iko huru.

Simu yake inawaka, binti yangu. Usitume pesa ya "betri mpya" ukiombwa.

Nimemeza P2 mara tatu mwezi huu. Baridi ni nyingi na jamaa anaishi karibu. Kuna shida?

Ipo, na wala sikulaumu kwa kupenda. Nakulaumu kwa hesabu. P2 ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba: hufanya kazi ikimezwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. Ukiifanya ndiyo desturi, hedhi itakuvurugikia na kinga utakayopata ni ndogo kuliko ya njia za kawaida. Haikukingi na virusi vya ukimwi wala kisonono. Mimba ikishaingia, haitoi.

Nenda kliniki ya serikali iliyo karibu, wakueleze kuhusu sindano ya miezi mitatu, vijiti vya mkononi, koili. Muuguzi akikukunjia uso, mngoje mwingine. Kondomu iwepo pia, na huyo jamaa anayeishi karibu ndiye aende dukani, kwa sababu miguu anayo. Mkapime wote wawili. Ukihisi umekutana na hatari ya virusi, kuna dawa za kuzuia, lakini nazo zianze ndani ya saa 72, kwa hivyo usingoje Jumatatu. Wakunga wanaujua mwezi wa Aprili, na wanajua Aprili ulianzia wapi.

Nimpeleke wapi mpenzi wangu wakati huu wa baridi? Sina pesa nyingi. Nilifikiria Ngong Hills alfajiri tuone jua.

Jua lipi? Kilele cha Ngong ni mita 2,460, na Julai alfajiri mtaona ukungu na kusikia upepo. Msichana atakukumbuka, ila vibaya.

Nendeni Arboretum mchana, baada ya saa saba mawingu yakianza kupasuka. Bustani ile ilianzishwa 1907 kujaribu miti ya kuendesha garimoshi la kuni, kwa hivyo mtakuwa katikati ya miti iliyopandwa ili ichomwe ikasahauliwa ikanenepa. Karura pia, kama mnapenda kutembea. Mkifika kwenye maporomoko mkumbuke Wangari Maathai na wenzake waliopigwa mwaka 1999 ili msitu ule usigawanywe viwanja. Mkitembea kwa saa mbili hakuna atakayelalamika baridi. Mkirudi, mahindi choma yenye ndimu na pilipili, mmoja mgawane. Mkiwa na mia ya ziada, mutura na kikombe cha supu kando ya barabara, mmesimama karibu na moto wa mwenyewe. Huo moto uko nje, mwaona.

Beba sweta ya pili. Usimwambie umeibeba. Akianza kujikumbatia ndipo uitoe.

Mimi ni mjane wa miaka 63, naishi Kariobangi South. Jirani yangu, mwanamume aliyefiwa na mke, ananiletea chupa ya chai kila asubuhi tangu baridi ianze. Watoto wangu wanasema nimkataze, watu wataongea. Wewe unaonaje?

Dada yangu, watu wataongea hata chai ikiisha. Watoto wako wako wapi saa kumi na mbili asubuhi? Nakisia wako makwao, na wao wamelalia mkono wa mtu.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Hiyo chupa unaiosha ukairudisha tupu? Chombo cha jirani hakirudi kitupu, mama zetu hawakutulea hivyo. Wimbi unalo, najua, na ndimu haikosi Kariobangi. Kesho amka kabla yake.