Niliiongezea Draco uzito mara elfu moja

Wiki iliyopita kijana wa Sengerema alinitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Nimemaliza kidato cha sita, nina laptopu ya kuazima. Nataka kupima uzito wa galaksi kwa mwendo wa nyota zake. Nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. (Ni tungamo, siyo uzito, walimu wa fizikia msinirukie.) Najua na ninyi wengine mnaopita hapa mnawaza hayohayo, kwa hiyo hesabu za kidato cha tano naziruka, ziko kwenye madaftari yenu. Naanza na aibu yangu.

Mwaka wa mwisho chuoni nilichagua Draco, galaksi kibete (kundi dogo la nyota lililo nje ya galaksi yetu) iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 260,000. Ukisimama Kirumba, hapa Mwanza, ukatazama kaskazini, Ukerewe iliko, kuna majira inakuwa hapo chini chini juu ya ziwa, ila kwa macho huioni ng'o. Nilikuwa na orodha ya kasi za nyota zake, zilizopimwa na wenye darubini kubwa. Mwanga wa nyota inayotujia huvutika upande wa bluu, wa inayotukimbia upande wa nyekundu. Ukijua umevutika kiasi gani, umejua kasi. Na nyota zikihangaika kwa kasi bila kutoroka, ujue kuna kitu kizito kimezishika. Kanuni yenyewe fupi: kasi mara kasi, mara nusu kipenyo cha eneo linalotoa nusu ya mwanga, mara 930. Kasi iwe kwa kilomita kwa sekunde, nusu kipenyo kwa parseki (moja ni kama miaka ya nuru 3.26), na jibu, yaani tungamo la eneo hilo, litakuja kwa kipimo cha Jua: ni Jua ngapi.

Nikasimama mbele ya walimu watatu na blauzi ya mama mdogo, nikatangaza: Jua bilioni 17! Mmoja akavua miwani. "Binti, umepima galaksi au umepima safari yake?" Ukumbi ukacheka. Swali sikulielewa, lakini nikalijibu kwa kujiamini kabisa, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Alama nilizopata sizitaji.

Jibu nilikuja kulipata kwenye kivuko cha Kamanga, miezi mingi baadaye. Mama mmoja alikuwa anasogeza ndoo yake ya dagaa kukwepa jua, watoto wanakimbizana kati ya magari, mkata tiketi anapenya. Wote tunakwenda Kamanga kwa kasi ya kivuko, lakini humo ndani kila mtu ana hekaheka zake. Nikasema kimoyomoyo, mungu wangu. Draco nzima inatujia kwa kilomita kama 290 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya hiyo ni mwendo wa Jua letu wenyewe. Mimi nilizichukua kasi vilevile zilivyo, nikapima kivuko nikidhani nimepima abiria.

Toa wastani kwanza. Kinachobaki ni mtawanyiko, yaani jinsi kasi za nyota zinavyopishana na wastani huo, na kwa Draco ni kilomita 9 hivi tu kwa sekunde. Kati ya 290 na 9 ni mara 32, na kwa kuwa kasi inajizidisha yenyewe, kosa langu likawa mara elfu na ushei. Bilioni 17 zikashuka hadi milioni 17.

Na hata hizo milioni 17 ni za kushangaza, maana mwanga wa eneo hilo haufiki wa Jua laki mbili. Humo kuna maada isiyoonekana. Marc Aaronson alianza kulisema hilo mwaka 1983 akiwa na nyota tatu tu za Draco. Tatu! Halafu wewe unanililia laptopu ya kuazima.

Jingine: kuna nyota pacha, zinazozungukana zenyewe kwa zenyewe, nazo huongeza mtawanyiko bure. Itafute nyota iliyopimwa zaidi ya mara moja, kwa tarehe tofauti. Kasi yake ikiruka, iweke pembeni. Pia kuna nyota za Njia Nyeupe, galaksi yetu, zilizojipitisha mbele tu, zitoe. Na kabla ya yote, toa wastani. Nimeshasema? Nitasema tena. Vijana mna haraka ya jibu, mnaiamini kompyuta kuliko kichwa. Chora kasi zako kwenye karatasi, zikodolee macho, jiulize zinasimulia nini. Mtu akikuuliza swali usilolielewa, sema hujaelewa. Ningesema hivyo siku ile, angenieleza palepale, nisingengoja kufundishwa na ndoo ya dagaa.

Jana usiku kijana wangu amenitumia jedwali lake. Safu ya kasi imenyooka vizuri, kila namba ina alama ya kutoa mbele (maana yake inatujia), 280 na kitu, 290 na kitu, 300. Pembeni tayari ameandika jibu kwa wino mwekundu, na linaanzia kwenye bilioni. Nimempigia simu saa tano usiku.